Kuridhika si Kubweteka
Hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), katika komuni, yaani sehemu ya mji, iitwayo Kenya, nimewasikia wazee wakimshukuru Mungu kwa sahani ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu), na shukrani hiyo naiheshimu, kwa maana bila moyo uliotulia maisha ya mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, yangemvunja mtu. Kubweteka ni jambo lingine kabisa. Kubweteka huko nakuona chuoni, ambako mwanafunzi hununua silabasi, yaani kitabu cha maelezo ya somo, hukariri kurasa anazodhani zitaulizwa, hupata alama kumi kwa ishirini, kisha halifungui tena daftari lile; na huyo ndiye tutakayemkabidhi transfoma na mabomba yetu. Katika siasa hali ni nzito zaidi. Ibara ya 220 ya Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inakataza kubadilishwa kwa idadi na urefu wa mihula ya Rais, lakini ni nani atakayeilinda, ikiwa raia akiisha kupokea fulana na kitenge cha kampeni hamuulizi mbunge wake lolote kwa miaka mitano, hata kuhusu barabara ya mtaa wake iliyoliwa na mvua?