Jinsi nilivyokabidhi kazi za chinichini kwa systemd

Kwa muda mrefu niliendesha kazi za chinichini za mfumo wa ada wa shule moja kwa namna ambayo leo naionea haya: nilifungua dirisha la screen (zana inayoiacha programu iendelee hata ukiondoka) kwenye seva, nikawasha programu inayowatumia wazazi stakabadhi kwa ujumbe mfupi, kisha nikajitoa na kuiacha ikiendelea. Usiku mmoja seva ilijiwasha upya baada ya masasisho. Tovuti ilirudi, hifadhidata ikarudi, lakini ile programu haikurudi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuiita. Asubuhi mhasibu akanipigia: "Kaka, wazazi wamelipa na hakuna aliyepata ujumbe."

Jioni hiyo niliigeukia systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma za seva: niliandika faili fupi ndani ya /etc/systemd/system, nikataja humo njia kamili ya programu, mtumiaji wa kuiendesha (asiwe root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote) na Restart=on-failure (iwashwe upya ikianguka), kisha nikaandika systemctl daemon-reload na systemctl enable --now, ili systemd isome faili hilo, kisha iwashe huduma papo hapo na kila seva inapowaka. Huduma ilianguka papo hapo. Logi (kumbukumbu za matukio) nilizozisoma kwa amri ya journalctl zilionyesha kuwa programu haikuliona nenosiri la hifadhidata, kwani nilikuwa nimeliweka katika .bashrc, faili la mipangilio ya mtumiaji ambalo systemd hailisomi. Nikalihamishia kwenye faili la pekee na kulitaja faili hilo kwa mstari wa EnvironmentFile katika faili la huduma. Niligundua pia kwamba systemd, isipoelekezwa vingine, husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kuwasha upya, na ikishawasha mara 5 ndani ya sekunde 10 huacha kabisa, hivyo mtandao ukiyumba kidogo huduma hulala hadi mtu aiamshe. Nikaweka RestartSec=5, ili isubiri sekunde 5.

Kilichonisumbua zaidi ni kuzima. Nilipoiwasha huduma upya katikati ya kutuma stakabadhi za mwisho wa muhula, systemd ilituma SIGTERM (ishara ya kuiomba programu ijifunge), ikangoja sekunde 90, kisha ikaikata programu kwa nguvu. Kazi ile ikarudi kwenye foleni na kuanza upya, na mzazi mmoja aliyepata stakabadhi mbili akaja kudai arudishiwe ada aliyolipa "mara ya pili". Nikaongeza TimeoutStopSec, yaani muda huo wa kungoja, hadi sekunde 300, na muhimu zaidi, nikaifanya programu iweke alama kwa kila stakabadhi iliyokwisha kutumwa.

Jumamosi iliyofuata niliiwasha seva upya kwa makusudi. Nilipoingia tena, systemctl status ilionyesha kwamba huduma ilikuwa hai kwa sekunde 40, na foleni ilikuwa tupu.