Programu ya kupendekeza picha na makala: nilivyoifanya iijue Dar

Wadau kuna watu wananiuliza zile picha na zile "soma na hizi" chini ya stori zangu nazipanga saa ngapi. Sipangi, kuna programu inafanya, ila ilibidi niifundishe adabu kwanza.

Hivi vitu sio vya jana. Zemanta ya Slovenia ilianza 2007, wewe unaandika yenyewe pembeni inakuletea picha, linki na makala zinazoendana, halafu 2017 kampuni ya Outbrain wakainunua. Siku hizi zipo kibao, nyingi plagini (viprogramu vya kuongezea) za WordPress, ule mfumo wa kuendeshea blogu, na nyingi zinafanya kitu kimoja: zinasoma maneno yako zinatafuta pengine yalipo.

Sasa mimi naandika misosi na mitaa ya Dar, kwa Kiswahili, na programu yenyewe imezoea Kiingereza, ambako neno linabadilika mkiani so inakata mkia inabaki na mzizi, basi. Sisi tunabadilisha kichwani. Napika, alipika, tutapika, kwake hayo ni maneno matatu yasiyojuana kabisa. Halafu vineno vidogo vya Kiingereza inajua kuviruka ila "kwenye" na "hiyo" inaviona dili, ndo maana stori ya supu ya pweza ilikuwa inaungwa na stori ya foleni ya Mbagala, kisa zote zina "kwenye" za kumwaga!

Nikazima ule usomaji wa maandishi, nikaiachia ilinganishe tagi tu, yale maneno machache unayobandika kwenye stori kusema inahusu nini. Tagi fupi za mtu wa Dar: pweza, Feri, Kariakoo, mwendokasi. Na ziandikwe vilevile kila mara, maana ukiweka "mamantilie" leo kesho "mama ntilie" kwake hao ni watu wawili. Kazi ipo kwenye stori za zamani, kuzirudia moja moja kuziwekea tagi, nilikuwa nafanya usiku huku naangalia mpira, inachosha balaa lakini hapo ndo mapendekezo yalipoanza kueleweka.

Kwenye picha sasa. Nimeandika pantoni ya Kigamboni, inaniletea feri ya Likoni, Mombasa. Mtu wa Dar huwezi kumdanganya hapo, atakuchamba mpaka ufute. Mimi mapendekezo nayachukulia kama mpiga debe, anaita abiria kwa nguvu zote ila kibao cha gari unasoma mwenyewe. Nafungua picha ilikotoka, mara nyingi ni Wikimedia Commons, ghala la picha za bure mtandaoni, naangalia imepigwa wapi na lini, maana ya mjini kati ya kabla ya 2016 haina mabasi ya mwendokasi na watu wanaona.

Hapohapo namalizana na leseni, yaani masharti ya kuitumia picha, nyingi ni zile za Creative Commons (CC). CC0 unachukua tu. CC BY lazima umtaje mpiga picha, uitaje leseni na uweke linki. Yenye SA ukiibadilisha nayo unaitoa kwa leseni ileile. Yenye NC, yaani isitumike kibiashara, mimi siigusi kabisa kwa sababu naweka matangazo, hiyo inaweza kuhesabiwa biashara hata kama hela yenyewe haifiki nauli. Programu ikileta picha isiyoonyesha leseni naipita, iwe nzuri vipi.

Kingine ni uzito. Simu inatoa picha ya MB nne au tano, na msomaji wangu yuko kwenye daladala na kibando chake, so napunguza upana kwenye pikseli 1200, nabadilisha kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi (WordPress inaikubali tangu toleo la 5.8, mwaka 2021), inashuka vizuri tu.

Ila chipsi mayai napiga mwenyewe. Hapo inaleta kimanda cha Hispania kila siku na nimeshaacha kubishana nayo.