Siku yangu moja kwenye mizani ya korosho, Newala

Saa 11 alfajiri

Adhana ya msikiti wa jirani ndiyo kengele yangu. Wenzetu wanakwenda kuswali, mimi nawasha taa na kufungua Mithali kabla sijaigusa simu. Utaratibu wangu hauna hesabu ngumu. Kitabu kina sura 31, kwa hiyo naangalia tarehe na kusoma sura yenye namba hiyo. Nikipitiwa na siku mbili tatu silipi deni, nasoma ya leo. Kwa maoni yangu, ratiba nyingi za kumaliza Biblia nzima kwa mwaka hufia Mambo ya Walawi kwa sababu ya madeni hayo tu. Mtu anaona yuko nyuma sura 15, anafunga kitabu hadi Januari nyingine.

Leo ni tarehe 11 Novemba, na sura ya 11 inaanza hivi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Sasa mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na msimu wa korosho ndiyo umekolea. Sura niliimaliza yote, lakini mstari niliouandika kwenye kikaratasi na kukichomeka nyuma ya simu ni huo. Mstari mmoja unatosha siku.

Saa 1 asubuhi

Chai, muhogo wa kuchemsha, halafu njia. Mabibo yananuka kila upande. Kutoka nyumbani hadi ghalani namaliza makumi matatu ya rozari, au mawili nikikutana na wazee wengi wa kuwaamkia. Shikamoo haikatishi sala, hilo nimeshaamua.

Saa 2

Foleni imeshapinda kona. Baiskeli, pikipiki, toroli, na kina mama wamebeba kichwani. Korosho zinamwagwa kwenye turubai, tunaangalia mawe, maganda na zilizooza. Mzee wetu mtunza ghala anachota kiganja kimoja na kukitikisa sikioni: iliyokauka inalia, mbichi iko kimya na inarudi nyumbani kuanikwa. Kisha zinapanda mizani. Ina stika ya Wakala wa Vipimo, lakini stika haiwezi kumshika karani mkono. Natoa uzito wa gunia tupu, naonyesha sifuri, nasubiri namba zitulie.

Bibi mmoja kutoka vijiji vya bondeni kafika na mzigo wake wa kwanza msimu huu. Namba zikatulia: 48.7.

"Andika 48, dada karani," kijana wa kubeba mizigo akaninong'oneza. "Nukta haimshibishi mtu."

Haimshibishi, ila hujaza gunia. Gramu 700 kwa kila mzigo, ikifika mizigo mia ni kilo 70, zaidi ya mzigo wote wa bibi yule, na korosho hizo hazina mwenyewe kwenye daftari. Wakulima wa huku wanalijua jambo hili tangu enzi za mizani ya mawe, ndiyo maana wanasimama na kukodolea macho kioo hata wasipojua kusoma. Nikaandika 48.7, nikaisoma kwa sauti.

"Mwanangu, hiyo saba ndiyo nini?"

"Ni karibu robo tatu ya kilo, bibi. Ni yako."

"Haya, iandike vizuri."

Mzee mtunza ghala alikuwa anasikiliza. Nikamwonyesha kikaratasi changu. Akacheka, akaniambia kwao, kwenye Kurani, ipo sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Tukaendelea na kazi. Kijana naye tangu hapo kila namba ikitulia anaitangaza yeye, nukta na zote, kama mtangazaji wa mpira.

Saa 6 mchana

Sala ya Malaika wa Bwana. Nafunga daftari, nasimama pembeni ya mlango, na kumaliza haichukui hata dakika tatu. Leo mtu kwenye foleni akauliza, "Dada karani, umelala?" Nikamjibu, "Nasali, baba, nakuja." Watawa Wabenediktini wa Ndanda, huko chini barabara ya Lindi kwenda Masasi, wako pale tangu 1906 na siku yao imegawanywa kwa saa za sala. Sisi wa foleni hatuwezi yote hayo. Kusimama mara moja mchana tunaweza, na mchana ndipo hasira za foleni zinapokuwa juu kabisa.

Saa 9

Foleni imepungua, naoanisha stakabadhi na daftari. Sikio moja lina Injili ya Marko, Biblia ya kusikiliza niliyoipakua kwenye simu. Sura zake ni 16, zote kwa pamoja hazifiki saa mbili, na ukishaipakua haili bando. Ukiwa na mzazi ambaye macho yamechoka, mwekee hiyo kwenye simu yake kabla hujamnunulia kitabu. Kama bado anasoma, mpe Biblia Habari Njema, Kiswahili chake ni chepesi. Mimi mwenyewe nabaki na Union Version ya 1952 kwa sababu mistari yake inaimbika na kukaa kichwani.

Saa 11 jioni

"Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele amina." Jumuiya ndogo ndogo iko uani kwa mwenyekiti, tumekaa mikekani. Tunafuata zile hatua saba: kumkaribisha Bwana, kusoma Injili, kurudia neno lililotugusa, ukimya, kushirikishana, kuzungumzia la kufanya, kusali. Jumuiya nyingi hukimbia hatua ya sita, na ndiyo inayonifanya nije hata nikiwa nimechoka. Bila hiyo, tafakari zetu nzuri zinaishia mkekani.

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Martini wa Tours, askari wa Kirumi aliyekata joho lake kwa upanga akampa nusu ombaomba aliyekuwa akitetemeka kwenye lango la Amiens. Katekista alipomaliza kusimulia, mama mmoja mzima akasema, "Joho la nini na joto hili? Hapa Newala mtu anakosa maji."

Kicheko kikaisha, tukahesabu. Mwenzetu mmoja ana mguu uliovunjika, wajukuu wake wako shule, na ndoo za kununua kwa vijana wa baiskeli zinammaliza. Nyumba kumi, kila moja ndoo mbili kwa zamu, hadi aweze kutembea. Mwenyekiti akaandika majina. Mimi zamu yangu ni kesho, kabla ya saa 1, kwa hiyo rozari nitaisali nikiwa na ndoo kichwani na sura ya 12 itabidi niianze saa 10 na nusu.