Kifuu, komwe kumi na hesabu za kichwani

Mtoto wa darasa la kwanza ukimuuliza 8 jumlisha 5, mara nyingi hukimbilia vidole: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tatu. Jibu ni sahihi, ila akipotea njiani anaanza upya, na akikutana na 38 jumlisha 5 anachoka kabisa. Kumkaririsha orodha ya majibu hakumsaidii. Mpe kwanza jozi za kumi: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Hizo zikikaa kichwani, hesabu nyingi zilizobaki hupata pa kushika.

Tafuta komwe za bao, au vizibo vya soda, na kifuu kimoja. Anza na komwe 5 tu. Mtoto azihesabu, afumbe macho, nawe ufiche baadhi chini ya kifuu. Akifumbua anaona 3: zilizofichwa ngapi? Akishajibu, afunue mwenyewe. Huna haja ya kumwambia amekosa, kwani komwe anaziona. Halafu zamu ya kuficha iwe yake. Mimi naithamini zaidi zamu hii, maana hawezi kukusahihisha kama hajui jibu. Za 5 akizijibu bila kusita, ongeza moja moja hadi 10.

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu: wanarukia 10 siku ya kwanza, mtoto anabahatisha, na kubahatisha kunageuka mazoea. Kosa jingine ni kuzitawanya ovyo komwe zinazoonekana. Jicho hutambua vitu vitatu au vinne bila kuhesabu. Saba zilizotawanyika lazima zihesabiwe. Zipange tano mstari mmoja, mbili chini yake, na mtoto ataiona 7 kwa mara moja.

Trei la mayai linarahisisha mpangilio huo. Lile la mayai 30 lina vishimo 5 kwa 6, hivyo ukilikata kila baada ya mistari miwili ya vishimo vitano unapata vipande vitatu vya kumi kumi. Weka vizibo 8 katika kipande kimoja na 5 katika cha pili. Muulize: ili hiki kijae, tuchukue vingapi kule? Anahamisha 2, kule vinabaki 3, jumla 13. Usimhamishie wewe, mkono wake ndio unaojifunza.

Mnaokaa Ngamiani, Tanga, mna barabara zenye namba, zitumieni mkitumwa dukani. Kutoka barabara ya 8 mwende mbele barabara tano: mbili mnafika ya 10, tatu zaidi mnafika ya 13. Kurudi ndiyo kutoa: tatu mpaka ya 10, kisha mbili.

Mdako nao unafaa kwa kutoa. Kokoto 10 zikishatolewa shimoni, mchezaji anarusha yake juu na kuzirudisha, akiacha mbili nje. Zilizorudi ngapi? Ajibu kabla ya kurusha tena.

Penye karata, toa picha na kumi, ree ihesabiwe 1. Kwa kuanzia chukua aina mbili tu, karata 18, mzipange zikiwa wazi na kutafuta jozi za kumi. Zinatoka jozi tisa kamili. Wakizoea, zifunikeni. Nyumba isiyopenda karata ikate boksi na kuandika namba, inatosha.

Dakika kumi kwa siku zinatosha, baada ya alasiri kwa mfano, na msimame kabla mtoto hajachoka. Saa ya kumpima iacheni: akiogopa, hata anachokijua kinapotea. Ishara ya kusonga mbele ni jibu linalokuja ndani ya sekunde tatu hivi, vidole vikiwa vimetulia. Na komwe ziwekwe mbali na mdogo wake aliye chini ya miaka mitatu, zinaweza kumkaba.