Fowadi Mkongwe Analetwa kwa Bei Gani?

Januari ikifika, mashabiki wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, hapa Nairobi hurudia ubishi ule ule: tumlete fowadi mkongwe, au tuvumilie na vijana? Ubishi huanza alfajiri kwenye makundi ya WhatsApp, maana mechi ya saa moja unusu jioni kule New York kwetu huanza saa tisa unusu usiku. Kufikia saa za chakula cha mchana watu wanalinganisha wastani wa pointi tu. Mimi naona hesabu hiyo ingewekwa mwisho kabisa.

Tuanze na mishahara. Msimu wa 2025-26 kikomo cha mishahara ya timu nzima ni dola milioni 154.6, lakini mistari inayoamua nani abadilishwe na nani ni miwili iliyo juu yake, iitwayo aproni, ambayo timu ikiivuka hubanwa zaidi: aproni ya kwanza, milioni 195.9, na aproni ya pili, milioni 207.8. Tuseme unamtaka fowadi wa milioni 30. Timu iliyo chini ya aproni ya kwanza inaweza kumpata kwa kutoa wachezaji ambao mishahara yao inafika milioni 22 hivi, mradi isivuke mstari huo hadi msimu uishe. Timu itakayobaki juu ya aproni ya kwanza hairuhusiwi kupokea mshahara mkubwa kuliko inaoutoa, kwa hiyo inatoa milioni 30 au zaidi. Itakayobaki juu ya aproni ya pili haiwezi hata kuunganisha wachezaji wawili wa milioni 15. Inahitaji mtu mmoja mwenye mshahara huo, na mtu wa namna hiyo kwa kawaida ni nyota wake yenyewe. Shabiki wa timu kama hiyo akipendekeza kutoa watatu wa benchi na chaguo la drafti (haki ya kuchagua chipukizi anayeingia ligi), pendekezo lake limeshakufa kabla halijajadiliwa.

Ndiyo maana kandarasi ya katikati ina thamani kubwa sokoni. Mwaka 2023 Indiana Pacers walimsajili Bruce Brown kwa milioni 45 za misimu miwili, msimu wa pili ukiwa kwa hiari ya klabu. Januari 2024 mshahara huo ndio uliobeba sehemu kubwa ya hesabu ya kumtoa fowadi Pascal Siakam Toronto, pamoja na Jordan Nwora na chaguo tatu za raundi ya kwanza. Siakam alikuwa na miaka 29 na kandarasi yake ilikuwa inaisha, jambo lililowatia watu hofu kwamba angeondoka bure. Lakini anayempokea mchezaji kwa kubadilishana hurithi pia haki ya kumsajili upya hata kama timu imepita kikomo cha mishahara, na Indiana waliitumia. Mwaka 2025 Mkameruni huyo alikuwa mchezaji bora wa fainali ya kanda ya Mashariki, na Pacers wakafika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Oklahoma City.

Siakam alikuja kufunga. Kuna mkongwe wa aina nyingine, na huyu ndiye ninayempigia debe zaidi, kwa sababu bei yake ni nafuu na mashabiki humdharau. Machi 2021 Milwaukee Bucks walimchukua P.J. Tucker kutoka Houston akiwa na miaka 35. Hakufikisha hata wastani wa pointi 5. Kazi yake ilikuwa kumganda Kevin Durant, nyota wa Brooklyn Nets, katika mfululizo wa mtoano dhidi yao, na Durant bado alifunga 49 katika mechi ya tano na 48 katika ya saba. Ukisoma takwimu tu utasema alishindwa. Ukitazama mechi utaona kila kikapu kilitafutwa kwa jasho, na kwamba nyota wa Bucks, Giannis Antetokounmpo, hakulazimika kuubeba mzigo huo kila dakika. Bucks walishinda mechi ya saba 115-111 baada ya muda wa nyongeza, kisha wakatwaa ubingwa.

Sasa upande unaouma. Mwaka 2013 Brooklyn Nets waliwachukua Kevin Garnett, miaka 37, na Paul Pierce, miaka 35, kutoka Boston. Walitoa chaguo za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, zote bila kinga (yaani zinakwenda hata zikiangukia nafasi ya juu kabisa), na haki ya Boston kubadilishana nao nafasi ya drafti 2017. Pierce aliondoka baada ya msimu mmoja. Nets wakashinda mechi 21 msimu wa 2015-16 na 20 uliofuata, na hawakuweza kufaidi hata huo ubovu wao, maana nafasi za juu katika drafti zilikwenda Boston: Jaylen Brown alitoka kwenye chaguo la 2016, Jayson Tatum kwenye lile la 2017. Kuwaamini wazee haikuwa dhambi kubwa. Walichokosea ni kulipa kwa miaka ambayo wazee hao wasingekuwepo. Phoenix Suns walifanya jambo linalofanana Februari 2023 kwa Durant wa miaka 34: Mikal Bridges, Cam Johnson na chaguo nne bila kinga. Msimu wa 2024-25 walishinda 36, wakapoteza 46, wakakosa mchujo, yaani mechi za mtoano za kuwania ubingwa.

Kanuni yangu, basi: mkongwe aliyevuka miaka 33 usimlipie kwa chaguo lisilo na kinga linalopita mwisho wa kandarasi yake. Toa chaguo lenye kinga, au la miaka miwili ya karibu ambapo wewe mwenyewe utakuwa bado unashinda.

Kumkagua je? Miguu huisha kabla ya mikono. Mtazame robo ya nne ya mechi ya pili katika siku mbili mfululizo: anarudi nyuma kwa mbio au kwa matembezi? Wapinzani wanaweka skrini (mtu wa kuziba njia) ili yeye abaki kumkaba mchezaji wao mwepesi? Wakifanya hivyo mara kwa mara katika msimu wa kawaida, kwenye mchujo watafanya kila shambulizi. Hesabu pia penalti anazopata (mitupo huru baada ya kuchezewa rafu). Zikipungua misimu miwili mfululizo huku dakika zikiwa zile zile, ujue ameacha kuingia ndani. Mitupo ya mbali, ya pointi tatu, itenge: ya kona ni mita 6.7, ya juu ya duara 7.24. Mkongwe anayesalia na ya kona pekee bado anakufaa, ila akae pembeni ya mtu anayemiliki mpira, asichukue nafasi ya mtu huyo.

Kuna wanaosema tusubiri avunjiwe kandarasi, aje bure. Inawezekana, lakini lazima aachiliwe kufikia Machi 1 ili aruhusiwe kucheza mchujo na timu mpya, na timu iliyo juu ya aproni ya kwanza hairuhusiwi kumsajili ikiwa mshahara wake ulizidi takriban milioni 14 (kwa msimu wa 2025-26).

Kwa makocha wa vilabu vya hapa Nairobi, hesabu za aproni hamna haja nazo, lakini ukaguzi wa miguu ni ule ule. Ligi yetu huchezwa wikendi, dakika 40. Mkongwe anayekuja kwa majaribio mpe dakika 25 Jumamosi, kisha mtazame Jumapili kipindi cha pili akimfuata winga mwenye miaka 20.