Simu ya mezani ya shangazi imehamia kwenye ruta

Mnaokaa Uingereza na bado mna simu ya mezani, jueni huduma ya simu ya kizamani ya laini za shaba inazimwa mwisho wa Januari 2027. Kila kitu kinahamia intaneti. Jumamosi nilikuwa kwa shangazi hapa Leicester kumfanyia hiyo kazi. Simu ya mkononi anayo, ila namba ya mezani ndiyo ndugu wote wa Mombasa wanaijua, kuiacha haachi ng'o.

Kuunganisha kwenyewe si kazi: chomoa waya wa simu ukutani, chomeka kwenye tundu la simu nyuma ya ruta, subiri mlio. Kazi ilikuwa simu ya chumbani. Ukitaka soketi za vyumba vingine ziendelee, tenganisha kwanza nyaya za ndani na laini ya nje, maana ile ina umeme wa volti 50 hivi na ruta haitaki kukutana nao. Kwake ilitosha kuvuta kifuniko cha chini cha soketi kuu.

Ile simu ya kuzungusha ya marehemu mjomba sasa inaita, unaongea vizuri, ila kupiga haipigi. Ruta yake haielewi mapigo ya umeme ambayo simu hizo za kizamani hutumia kutuma namba. Shangazi kanuna kweli!

Halafu umeme ukikatika, simu nayo kimya. Mzee anayetegemea simu ya mezani tu ana haki ya kupewa bure njia ya kupiga 999 (namba ya dharura) kwa angalau saa 1, kwa kawaida betri ya akiba. Iombeni kabla ya kuhamishwa.