Nilivyobadilishana mwezi na hesabu za bosi mgeni

Kwenye makaratasi, mrithi wa bosi wetu mgeni nilikuwa mimi. Sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri aoneshe jinsi ujuzi wa mgeni utakavyobaki kwa Watanzania, na kibali chenyewe ni cha miezi 24. Hata kikihuishwa, jumla ya miaka ina kikomo. Basi hoteli yetu hapa Mwanza ikajaza jina langu kwenye fomu, ikamaliza. Mwaka mzima nikawa mrithi wa kubeba mafaili, hesabu za jiko akizifunga mwenyewe, mlango kaurudishia.

Alikuwa Mholanzi, hana roho mbaya, katokea hoteli za Dubai. Akaamuru dagaa wabichi wa kukaanga wawepo kwenye menyu kila Ijumaa. Ijumaa mbili mambo safi. Ya tatu nikarudi kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na ndoo tupu. Akanifokea kwamba nimechelewa, wakati nilifika saa kumi na moja alfajiri! Mama ninayenunua kwake alicheka tu: "Mwanangu, hukuutazama mwezi jana?" Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti, wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu.

Kusema kweli nililijua hilo tangu anaandika menyu. Nilinyamaza kwa hasira za mafaili.

Usiku ule nikachora kalenda ya mwezi, siku za giza nikazipaka wino mweusi, nikamwekea mezani. Nikamwambia, "Bosi, hii nitakufundisha. Na wewe nifundishe zile hesabu." Alinitazama weee, kisha akavuta kiti cha pili.

Tukawa tunakaa kila Jumatatu. Mali iliyokuwepo stoo, jumlisha manunuzi, toa iliyobaki, gawanya kwa mauzo. Kumbe ni hilo tu! Wiki ya tatu nikapima sangara mwenyewe: kilo 10 zikatoa minofu kilo nne na robo, mengine kichwa, ngozi na mapanki, yaani mifupa inayobaki. Sisi bei tulikuwa tunapanga kwa kilo ya samaki mzima. Sahani iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote ndiyo ilikuwa inatula.

Kibali chake kilipoisha, nafasi sikupewa papo hapo. Walimleta kwanza Mkenya kwa miezi sita. Sasa ofisi ni yangu. Kalenda Mholanzi aliondoka nayo, sijui anaitumia wapi. Nimechora nyingine.